Msumeno wa kona ulionitia aibu mbele ya mteja

Laki tano na ushee zimenitoka kwenye msumeno wa kona, ule wa mezani ambao bledi inashuka kutoka juu. Msinunue. Au subirini nimalize kwanza, maana neno hilo nimeliandika na kulifuta mara tatu.

Kuna dada anafungua saluni, akanipa oda ya fremu sita za vioo, mninga mtupu, ubao wa upana wa sentimita 7. Mpini nikausogeza kwenye digrii 45, ukaingia kwenye kishimo chake, ta! Nikakata vipande vinne, ncha nane, nikavipanga mezani. Kona ya kwanza safi. Ya pili safi, kama huna macho ya kuchunguza. Ya tatu nikaibana kwa nguvu. Ya nne ikaachama kama mdomo wa kambale.

Nikalaumu mbao. Lakini mninga hauchezichezi, ndiyo maana tunaulipia bei ile. Nikalaumu tepu. Basi, nakiri, nikafanya ule ushenzi wetu: vumbi la mbao na gundi, nikasindilia, msasa, vanishi juu. Dada alipokuja, kioo hata hakukitazama. Akaenda moja kwa moja kwenye kona, akachokoa kwa ukucha wake mrefu, vumbi likadondoka sakafuni.

"Fundi, hapa mende watahamia na watoto wao."

Nipo Keko, hapa Dar es Salaam, tangu nikiwa kijana wa kupiga msasa. Neno kama lile sijawahi kuambiwa.

Nikapakia mashine kwenye bajaji mpaka mtaa wa Gerezani, kwenye duka nililoinunua. Muuzaji alikuwa anakula chipsi, hakuinuka. Nikamtolea vile vipande vya kona. Akavitazama huku anatafuna: "Mashine inasoma 45. Wewe unakata ngapi?" Halafu akaigeuza risiti yangu kwa kidole chenye mafuta nisome kuwa bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Kijana wake wa dukani akacheka. Risiti ningeisamehe. Kile kicheko nililala nacho.

Aliyeniokoa ni mzee jirani yangu, mtu wa vitanda, ambaye mashine ya namna hii hajawahi kuimiliki. Akaniambia nikate ubao mmoja katikati, kwenye sifuri, mkato wa kawaida tu. Kipande kimoja akakipindua juu chini, akavikutanisha tena vyote viwili vikiwa vimeegemea chuma kilichonyooka. Mwanga ukapita katikati. "Huo mwanya unaouona," akasema, "ni kosa mara mbili. Ligawe."

Lilikuwa kama nusu digrii. Kile chuma cha nyuma tunachoegemezea mbao kilifungwa upande tangu kinatoka kiwandani. Sifuri haikuwa sifuri, na 45 nayo ilikuwa jina tu. Utasema nusu digrii ni kitu gani. Kona moja ina mikato miwili, hiyo digrii moja tayari. Kona ni nne, digrii nne, na zote zinakwenda kujilimbikiza kwenye kona ya mwisho. Kwa ubao wangu ule mstari wa kona una karibu sentimita 10, kwa hiyo mwanya unafika milimita 7. Hapo ndipo mende wa yule dada walipopata chumba.

Kwa haki, ningekuwa nazungusha mpini kulia kwa ncha moja na kushoto kwa nyingine, kosa lingejifuta lenyewe: huku 45 na nusu, kule 44 na nusu, jumla 90. Lakini kushoto kwangu kuna nguzo ya banda, kwa hiyo nakata kulia tu na kugeuza ubao. Makosa yote yakaelemea upande mmoja. Sehemu ya lawama, basi, ni ya nguzo.

Tukachomoa waya kwenye soketi, tukashusha bledi, tukalegeza boliti za kile chuma kwa ufunguo wa L uliokuja ndani ya boksi. Ndani ya boksi, jamani! Skwea, kile kipimo cha pembe ya digrii 90, tukaiegemeza kwenye chuma na kuigusisha kwenye mwili wa bledi, siyo kwenye meno, maana meno yamejitokeza kidogo pembeni na yanadanganya. Tukakaza. Dakika kumi hazikufika.

Fremu iliyofuata nilimwita mzee aje atafute mwanga kwenye kona. Hakuupata hata kwenye moja. Mashine nzuri, nasema ukweli wangu, nzuri sana. Na hapo ndipo hasira iliponirudia upya, kwa sababu yule bwana angesema tu "kapime na skwea kwanza," nisingemrudishia dada wa watu nusu ya malipo ya awali. Na ile taa nyekundu ya kuonyesha bledi itapita wapi inakosea milimita mbili, nimeibandika plasta. Na bledi yake ya meno machache inachana mninga kama kuku anayenyonyolewa. Kwa hiyo nunueni. Ila pale, hapana. Au nunueni pale pale, lakini nendeni na skwea mfukoni mkapime mbele yake, chipsi zimpoe.

Fremu sita dada kachukua. Ile ya vumbi kaikataa, naitumia bandani kunyolea ndevu.

Bledi ya meno 60 nimeipata duka la pili kutoka kwa yule bwana. Nilipotoka nilipita mbele ya kijana wake polepole, nimeishika mkononi. Mfuko niliukataa.