Kununua flati ndogo Mombasa: wapi kwanza, wapi mwisho

Kama wataka studio ama wan bedrum ya kununua Mombasa, achana na picha za swimingi puli kwanza. Nenda ufungue mfereji wa jikoni uonje, yakiwa chumvi hayo ni ya kisima, sabuni haitoi povu na kila siku utakua ukinunua mitungi ya maji baridi, yasiyo na chumvi, ya kunywa na kupikia. Maji ya kaunti yafika siku ngapi kwa wiki muulize keateka, sio dalali, dalali yeye kila nyumba iko dakika tano kutoka baharini.

Mimi naweka Tudor mbele. Uko kisiwani, feri huijui na jam ya daraja la Nyali jioni waisikia kwa watu tu, flati nyingi ni za kitambo lakini vyumba vipana. Angalia madirisha yawe pande mbili, maana kaskazi ya Disemba mpaka Machi na joto lake, hewa isipopita utalala na feni na tokeni za stima zinaisha.

Ya pili Bamburi, haswa kama wataka kukodishia wageni. Shida ni chumvi ya bahari. Kwaruza grili na ufunguo, rangi ikibanduka na kutu chini yake jua hata AC ya nje iko hali hiyo hiyo, na uliza savis chaji kabla hujapenda balkoni.

Likoni, ng'ambo ya feri, bei afadhali. Feri kwa miguu ni bure, mwenye gari siku hizi ana barabara ya Dongo Kundu, ila ni mzunguko.

Mji wa Kale napapenda, samaki wabichi wako bandari ya zamani pale chini, lakini ni eneo la kuhifadhiwa, huwezi kung'oa mlango ama roshani bila ruhusa, kwa hivyo ukarabati weka bajeti na subira.

Kokote uendako fanya sachi ya ardhi, tangu sheria ya 2020 flati yafaa iwe na hati yake, na weka kando 4% ya ushuru wa stempu.

Mwisho kabisa ni nyumba bila ardhi, mambo yetu ya Pwani haya: kuta zako, kiwanja cha mtu, wamlipa kodi ya ardhi. Bei itakuvutia lakini benki haikukopeshi juu yake, na mwenye kiwanja akimuuzia mwengine mwaanza kuelewana upya.