Git au Mercurial kwa kikundi cha programu huria Kigoma?

Hizi ni programu za kutunza historia ya mabadiliko ya msimbo, yaani maandishi yanayounda programu. Zote zilianza Aprili 2005, na zote zinahifadhi mabadiliko bila intaneti. Mtandao ukikatika Ujiji, kazi haisimami. Kwa anayeanza, Mercurial ni nafuu: amri yake ya kuhifadhi, “hg commit”, inachukua yenyewe mafaili uliyoyarekebisha, wakati Git inataka kwanza uyachague kwa “git add”, hatua inayowachanganya wengi. Kwenye bando naipenda Git: amri ya “git clone --depth 1” inashusha toleo la mwisho la mradi tu, bila historia yote. Ila ikikatika katikati, unaanza upya. Wenzako wako wapi? Kwenye tovuti za kuweka miradi na kuifanyia kazi pamoja, GitHub ni ya Git, na Bitbucket iliiacha Mercurial mwaka 2020. Ukitaka kuchangia miradi ya nje, shika Git. Mkiwa watatu mnatunza programu yenu pale Mwanga, Mercurial inawatosha kabisa.