Gari la zamani: kung'oa masega na EGR, au kuvitengeneza?

Wengi husema kung'oa masega (kifaa cha kusafisha moshi ndani ya ekzosi, yaani catalytic converter) na EGR (vali inayorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini) kunapunguza ulaji wa mafuta. Tuanze na hayo mafuta, maana ndiyo chanzo cha ubishi. Masega mazima ya ekzosi hayazuii moshi kiasi cha kuonekana kwenye matumizi ya mafuta. Yakiziba, injini hukosa pumzi na ulaji hupanda. Hapo kuyatoa kunasaidia kweli, ila masega mapya yanaleta nafuu ileile.

EGR ndiyo inayosingiziwa zaidi. Kwenye injini ya petroli, ukienda mwendo wa wastani, moshi unaorudishwa ndani hukulazimu kufungua zaidi kilango cha hewa, hivyo injini inavuta hewa kwa kazi ndogo. Ukiiziba, unaweza kupoteza nafuu hiyo, na injini ikaanza kugonga. Vali iliyokwama wazi ni tatizo jingine, na mara nyingi kuisafisha kaboni kunatosha.

Kwa gharama ya leo, kung'oa kunashinda. Lakini nchi nyingi zinakataza, na ukaguzi wa moshi unaweza kukurudisha dukani. Na tafadhali, sensa ya oksijeni usiiguse: kompyuta ikiikosa, kwa kawaida humimina mafuta mengi.

Matunzo? Vitu vichache, hitilafu chache. Hasa gari la kabureta lenye pampu ya kupuliza hewa kwenye ekzosi ili kusafisha moshi, inayoendeshwa kwa mkanda: ukiitoa unapata nguvu kidogo, mafuta ni vigumu kuona tofauti.

Gari la maonyesho lisiloguswa na ukaguzi, kung'oa kunaeleweka. La kila siku lenye sindano za mafuta, mimi ningeanza na plagi, sensa na kusafisha EGR.