Mishil Alipokufa, Khaloo Akaondoka: Maoni Yangu juu ya Tamthilia za Korea na China

Usiku ule Mishil, adui wa tamthilia ya Kikorea tuliyokuwa tukiitazama, alipokunywa sumu na kukata roho hali ameketi wima kitini, khaloo yangu, yaani dada wa mama, alijifunga kanga yake vizuri, akasema, "Basi, mie n'shamaliza," akaenda zake jikoni kuroweka mchele wa vitumbua. Nilimweleza kwamba tamthilia ya Malkia Seondeok ina sehemu 62, kwamba bibi huyu amekufa katika sehemu ya 50, na kwamba malkia mwenyewe, ambaye ndiye mwenye hadithi, hata kiti cha enzi hajakikalia. Hakurudi. Sehemu kumi na mbili zilizobaki nilizitazama peke yangu, na nilipofika mwisho nilikiri kimoyomoyo kwamba khaloo hakukosea sana.

Nimezitazama tamthilia za Mashariki ya Mbali kwa miaka mingi, tangu zama za CD za kuazimana mitaani hapa mjini Unguja hadi leo ambapo vijana huenda kujaziwa sizoni nzima kwenye flashi, na kipimo changu hakijabadilika: namtazama yule anayeshindwa. Steringi kila mtunzi anaweza kumpamba, akampa sura nzuri, upanga mkali na bahati ya kunusurika. Adui ndiye anayeonyesha kama mtunzi alikaa akafikiri.

Mishil alifikiriwa. Tamthilia hiyo ilirushwa na kituo cha MBC cha Korea Kusini mwaka 2009, na Go Hyun-jung, aliyemwigiza Mishil, ndiye aliyepewa tuzo kuu ya kituo hicho mwaka huo, si Lee Yo-won aliyemwigiza Deokman, yaani malkia mwenyewe. Hapigi kelele, wala hacheki kile kicheko kirefu ambacho wengi wetu tumekizoea kwa maadui wa filamu za Kihindi. Hunyanyua unyusi mmoja tu, na waliomo chumbani wote hujua kwamba kuna mtu ameharibikiwa. Kubwa zaidi ni kwamba nguvu zake zina chanzo kinachoeleweka. Anayo kalenda ya mahesabu ya nyota ambayo watu wengine hawana, kwa hiyo anajua siku ya kupatwa kwa jua kabla ya wenziwe, na anawafanya watu waamini kwamba mbingu huzungumza naye. Hapa kwetu, ambapo usiku wa kuamkia Idi nyumba nzima hukaa ikingoja tangazo la mwezi, na ambapo mwenye elimu ya falaki bado anaheshimiwa, hakuna mtazamaji anayehitaji kuelezwa kwa nini mtu anayezijua nyakati ana nguvu kuliko mwenye askari.

Deokman anamshinda kwanza kwa kumchezea mchezo huohuo wa kupatwa kwa jua. Ushindi huo pekee ungetosha kwa tamthilia ya kawaida. Hii inakwenda mbele: Deokman, akishapata cheo chake, anatangaza kwamba utajengwa mnara wa kutazamia nyota ili elimu ile isiwe tena siri ya mtu mmoja, na mnara huo, Cheomseongdae, upo hadi leo katika mji wa Gyeongju, kwani malkia huyo ni mtu wa historia aliyetawala Silla, ufalme wa kale wa Korea, kuanzia mwaka 632 hadi 647. Mishil hafurahishwi, lakini hajibu kwa hasira. Anamweleza binti yule, kwa sauti ya mtu anayemfunza mwanawe, kwamba watu wa kawaida huchoshwa na ukweli na kwamba kuwapa elimu ni kuwatwisha mzigo. Nilisimamisha picha pale nikarudia mara mbili, kwa sababu sikuwa na jibu la haraka, na Deokman naye hakuwa nalo. Ni nadra kukuta tamthilia inayomruhusu adui kushinda hoja.

Akishakufa yeye, hadithi inabebwa na Bidam, mwanawe aliyemtupa akiwa mchanga, na hapo ndipo maandishi yanapolegea. Bidam anampenda malkia, malkia anamwamini, kisha watu wa kati wanamfanya aamini kwamba malkia anataka kumuua, naye anaasi. Jambo ambalo lingemalizwa kwa watu wawili kukaa chumbani dakika tano linauweka ufalme mzima vitani. Mwisho wake, anapopenya jeshi zima ili tu amfikie malkia, umeigizwa vizuri na nililia, lakini mtu anaweza kulia huku anajua kwamba amezungushwa.

Tamthilia ambayo khaloo aliitazama yote, sehemu 54 bila kuruka hata moja, ni Dae Jang Geum ya mwaka 2003, iliyoongozwa na Lee Byung-hoon, na sababu yake si ngumu kuipata: khaloo ni mpishi wa shughuli. Amepika pilau za harusi na za hitima tangu mimi sijazaliwa, na amezoea kuona watu wa kwenye filamu wakikoroga vyungu vitupu. Katika nusu ya kwanza ya tamthilia hii, jiko la mfalme ni jiko kweli. Jang Geum, ambaye ndiye mwenye hadithi, akiwa mtoto anaambiwa na Bibi Han, mmoja wa wapishi wa kasri, amletee maji ya kunywa. Analeta, anarudishwa; analeta tena, anarudishwa tena, kwa siku kadhaa. Hatimaye anakumbuka namna mama yake alivyokuwa akifanya, naye anauliza kwanza: tumbo linauma, umekwenda choo, koo linawasha? Kisha analeta maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo na kumsihi Bibi Han ayanywe polepole. Hapo ndipo anapoambiwa kwamba maji nayo, yakiwekwa chomboni kwa ajili ya mtu, ni chakula. Khaloo hakusema kitu. Siku ya pili nilimsikia akimfokea binti anayemsaidia kwamba amepakua bila ya kuuliza nani mgonjwa wa sukari.

Vilevile kuna lile jambo la tunda la hongsi, ambalo Wakorea huliacha liive hadi lilegee kama papai la siku ya tatu. Mtoto yule anatambua kwamba utamu uliomo katika nyama umetokana na tunda hilo, na anapoulizwa amejuaje, anajibu kwamba alipoitia nyama ile kinywani alihisi hongsi, kwa hiyo amesema hongsi. Jibu hilo linamweleza mhusika kuliko hotuba ya ukurasa mzima: ni mtu asiyejua kusema asichokionja, na tabia hiyohiyo ndiyo itakayomtia mashakani kwa muda wote uliobaki. Baadaye, akiwa msichana, anapoteza uwezo wa kuonja, na Bibi Han anamlazimisha apike hivyohivyo, kwa kumbukumbu na kwa kuiunda ladha akilini. Mtazamaji wa kwingine pengine aliona hiyo ni chumvi ya mtunzi. Hapa Unguja, kila mwanamke aliyewahi kupika futari anajua kuipima chumvi kwa pua na kwa mkono, huku kinywa kimefungwa hadi adhana ya magharibi.

Bibi Choi, ambaye ndiye adui, hana ukubwa wa Mishil, lakini naye ana sababu zake. Ukoo wake umeshika usimamizi wa jiko lile kizazi baada ya kizazi, na uovu kwake ni urithi aliokabidhiwa akiwa msichana, tena bila ya kuulizwa. Mpwa wake, Geum Young, ndiye anayeniuma. Ana kipawa, ana kiburi cha kazi, angeshinda kwa haki mara nyingine, na kila anapotaka kushinda kwa haki anakuta jamaa zake wameshamfanyia hila nyuma ya mgongo. Mhusika dhaifu kuliko wote ni yule mwanamume mwema, Min Jeong Ho. Hana kosa, hana tamaa, hana hata siku moja aliyoamka vibaya. Kila Jang Geum anapoanguka, yeye yuko karibu. Mtu asiyetaka kitu chake mwenyewe hawezi kutushughulisha, hata awe na subira ya namna gani.

Nusu ya pili, Jang Geum anapopelekwa uhamishoni Jeju, akasomea uganga na kurudi kasri akiwa tabibu, sikuipenda kama ya kwanza. Anasingiziwa, anahukumiwa, anathibitisha ukweli, anasingiziwa tena. Dawa zinatajwa kwa majina, lakini hatuzioni zikitengenezwa kama tulivyouona ule unga ukikandwa.

Kuhusu Jumong, niseme kwanza kwamba niliifahamu kwa masikio kabla ya macho. Umeme ulipokatika Unguja nzima kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, nilikuwa nimefika katikati ya sehemu zake 81, na wenye majenereta walikuwa na mambo muhimu zaidi ya kuyaendesha. Kijana mmoja wa mtaani kwetu alikuwa ameshaimaliza, na kila baada ya isha alitusimulia barazani, gizani, kipande kwa kipande. Nilichokigundua ni kwamba vita vyote vilimshinda kuvisimulia. Alisema "wakapigana sana" akapita. Alipofika kwa Hae Mo Su, kipofu aliyefungwa miaka mingi katika gereza la pangoni, anayemfundisha upanga Jumong, kijana mwoga asiyejua kwamba mwalimu wake ni baba yake mzazi, baraza lilinyamaza. Na alipofika kwa So Seo No, watu wazima waligombana. Mwanamke huyu, mfanyabiashara, mwenye akili na mali, anampenda Jumong, anasikia kwamba amekufa, anaolewa na mwingine, na baada ya yote wanajenga naye dola ya Goguryeo. Mwishoni anafunga mizigo na wanawe na kuelekea kusini, akimwachia nafasi mke wa kwanza wa Jumong na mwanawe waliorudi. Mzee mmoja alishikilia kwamba ameonyesha adabu. Jirani yetu mmoja, mama mwenye watoto sita, alijibu kutoka dirishani kwamba hiyo si adabu, ni hesabu, na kwamba mwanamke anayejua kuhesabu hangoji kufukuzwa. Nilipoitazama mwenyewe umeme uliporudi, nilimwona So Seo No kwa macho ya jirani yule. Sehemu nyingi za katikati, hata hivyo, zingeweza kuondolewa bila ya mtu kujua. Ni kutekwa na kuokolewa, kutekwa na kuokolewa.

Upande wa China nitaitaja moja tu, Doudou na Mama Wakwe Zake, iliyotiwa sauti za Kiswahili na kurushwa na TBC mwaka 2011, ikajulikana kiasi kwamba Rais Xi Jinping aliitaja alipohutubia Dar es Salaam mwezi Machi 2013. Haina upanga hata mmoja. Doudou anaolewa na Yu Wei, ambaye wazazi wake waliachana na baba akaoa tena, kwa hiyo bibi harusi anajikuta na mavyaa wawili, kila mmoja akimpima mwenziwe kupitia kwake. Kitu kinachoipandisha tamthilia hii ni kwamba hamna mwovu. Kila mavyaa, ukimsikiliza peke yake, ana haki. Ukiwaweka chumba kimoja, nyumba haikaliki. Kiswahili chake ni safi, na pengine ni safi mno, kwani mavyaa aliyekasirika hapangi sentensi zake kwa utulivu ule.

Kasoro ambayo sijaizoea hadi leo ni ya ajali. Katika Winter Sonata ya mwaka 2002, ajali ya gari inampotezea kijana kumbukumbu, na ajali ya pili inamrudishia, kana kwamba gari ni swichi ya taa. Hizi za karibuni, zenye sehemu 16 tu, zimepunguza urefu na zina nafuu. Crash Landing on You ya 2019 ina mapenzi ya kutosha kwa wanaoyataka, lakini waliobaki kichwani mwangu ni wale wanawake wa kijijini Korea Kaskazini, wanaotia kimchi, yaani mboga za kuchachusha, pamoja, wanaojua nani kapokea mgeni, na ambao umeme ukikatika hawashtuki.

Anayetaka kuanza, aanze na Dae Jang Geum, na achunguze anachouziwa. Duka moja la mjini liliniuzia iliyoandikwa "kamili" ambayo diski yake ya mwisho ilirudia sehemu za diski ya kwanza. Aepuke pia ile yenye mtafsiri anayesimulia juu ya sauti za waigizaji, kwa sababu msimulizi huyo haogopi kitu duniani isipokuwa ukimya, na katika tamthilia hii mambo makubwa hutokea kimya. Khaloo hasomi maandishi ya Kiingereza yanayopita chini ya kioo, hivyo mimi ndiye niliyemtafsiria sehemu zote. Tulipofika pale Bibi Han anapokufa njiani, akiwa amebebwa mgongoni na Jang Geum kwenda uhamishoni, nilifungua kinywa nimweleze kilichotokea. Khaloo aliinua mkono wake, bila ya kugeuka, niache.