Nakala ya mifupa ya mguu wa Sivatherium: nimeifungua, tuitazame

Habari zenu ndugu watazamaji, karibuni tena hapa Sinza. Leo mezani nina seti ya nakala za mifupa miwili ya mguu wa Sivatherium, ndugu wa twiga aliyekwisha kutoweka. Pembeni nimeweka mfupa wa kongoro la ng'ombe. Nimeutoa machinjioni Vingunguti jana, nikauchemsha mpaka ukatakata.

Tuanze na huu mrefu, wa mguu wa mbele. Unakaa kati ya kwato na pale tunapopaita goti. Sasa, pale si goti hata kidogo, ni kifundo cha mkono! Mnyama anatembelea ncha za vidole, na huu ndio mfupa wa kiganja chake. Ngoja nisogeze kwenye kamera. Mnauona huu mfereji unaoshuka katikati? Ni mifupa miwili, wa tatu na wa nne, imeungana ikawa mmoja. Huku chini inaachana tena, vichwa viwili, kila kimoja na kidole chake na kwato yake. Geuza kongoro: mfereji ule ule, vichwa vile vile.

Tofauti iko kwenye unene. Kongoro nikilikamata, vidole vyangu vinakutana. Hili la Sivatherium havikutani, tena pengo ni kubwa. Mfupa wa twiga sina wala siruhusiwi kuwa nao kiholela, ni nyara ya serikali, ila kwa twiga mkubwa mfupa huu unapita nusu mita na ni mwembamba kwa urefu wake. Watafiti mwaka 2016 walikadiria Sivatherium alikuwa na kilo 1,246 hivi, karibu sawa na dume kubwa la twiga. Mzigo ule ule, lakini mmoja kasimama juu ya mirunda, mwingine juu ya nguzo fupi nene. Mimi hapa ndipo pesa yangu iliporudi.

Mfupa wa pili umenisikitisha. Ni astragalasi, ule mdogo wa kifundo cha mguu wa nyuma. Kwa wanyama wa jamii ya ng'ombe, mbuzi na twiga una kapi mbili, yaani sehemu za mviringo zenye mfereji kama gurudumu la kuvutia kamba, moja juu na moja chini, na ndiyo alama yao. Hata mababu wa nyangumi walikuwa nayo. Hapa kapi ya juu imechongwa vizuri, pitisha kidole utaisikia. Ya chini imesawazishwa kama sabuni iliyotumika. Mwanafunzi akijifunzia huu atakosea.

Na boksi limeandikwa "dainosaria". Hapana jamani. Dainosaria walitoweka miaka milioni 66 iliyopita. Huyu mabaki yake yamepatikana Olduvai, hapa hapa kwetu, kwenye matabaka ya enzi za Zinjanthropus, yule ndugu wa kale wa binadamu, kama miaka milioni 1.8 iliyopita. Kuandika hivyo ni kumnyang'anya mtoto wa Kitanzania mnyama wa kwao.

Nimelipa shilingi 85,000 kwa seti nzima. Mwalimu wa baolojia, ukiuziwa ule mrefu peke yake, chukua. Astragalasi waachie, kamwombe muuza supu akuwekee ya ng'ombe, ichemshe, ikaushe juani siku mbili, kapi zote mbili utaziona.