Tangi la petroli la boti: la kufunga humo moja kwa moja, au la kubeba?
Kwa bei hakuna ubishi: tangi la kubeba la lita 25 ni nafuu, na unalijaza nchi kavu, mbali na boti. Likipasuka, unanunua jingine.

La kufunga linashinda kwa safari ndefu. Lita 100 ni kama kilo 75. Zikikaa chini katikati, boti hutulia. Ila kazi yake! Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutuama kwenye ngama (sehemu ya chini kabisa ndani ya boti) ukingoja cheche. Mpira wa kupumulia, unaotoa mvuke wa tangi, lazima utokee nje ya boti, na tangi lishikwe kwa mikanda. La alumini, maji ya chumvi hulila chini, usipopaona.

Ukivua karibu, la kubeba linatosha. Ukipeleka watalii kutwa, funga, mradi ngama inapitisha hewa.