Kozi ya Maandalizi ya Wamishenari Jijini Kisumu: Ubora Wake na Pengo Lake

Kozi hii ya jioni, inayoendeshwa na kanisa moja jijini Kisumu kwa ajili ya wale wanaokusudia kutuma maombi kwa mashirika ya umisheni, inastahili kusifiwa hadharani, na inastahili pia kuambiwa ukweli. Sitalitaja kanisa lenyewe kwa jina, kwa kuwa baadhi ya nitakayoyasema ni malalamiko ambayo nimekwisha kuyafikisha kwa waandaaji, nao wakayapokea kwa moyo mwema. Maoni yangu ni kwamba mafunzo haya humwandaa mwombaji vizuri sana ili akubaliwe na shirika, lakini hayamwandai vya kutosha ili atumwe na watu wake mwenyewe.

Sehemu iliyonifaidi kuliko zote ni ile ya kuandika ushuhuda. Mashirika mengi ya umisheni humtaka mwombaji aeleze kwa maandishi jinsi alivyookoka, jinsi alivyoutambua wito wake, na ni nani wengine walioushuhudia wito huo. Wengi wetu tulileta kurasa zilizojaa maneno tuliyozoea kuyasema tunaposimama kuusalimu ushirika. Mkufunzi wetu, mama wa makamo aliyehudumu kwa muda mrefu kaskazini mwa Kenya, alizipitia mbele ya darasa sentensi moja baada ya nyingine, na kila alipokuta mtu ameandika kwamba Mungu amemwekea mzigo moyoni, alipiga mstari kwa kalamu nyekundu na kuuliza: mzigo kwa ajili ya nani, ulianza lini, na umekwisha kuufanyia nini hapa hapa Kisumu? Mwenzetu mmoja aliyeandika kwamba anawapenda watu wasiofikiwa na Injili aliulizwa iwapo amewahi kula chakula nyumbani kwa jirani yake Mwislamu pale mtaa wa Kaloleni. Alikaa kimya kwa muda, kisha akaomba ruhusa ya kuandika upya. Ushuhuda alioleta juma lililofuata ulikuwa mfupi zaidi, na kila aliyeusikia aliamini kwamba ni wake.

Mahojiano ya majaribio yaliendeshwa kwa uzito huo huo. Mwombaji aliketi mbele ya jopo la watu watatu na kuulizwa mambo ambayo mashirika huyauliza kweli: madeni aliyo nayo, jinsi anavyopatana na mchungaji wake, afya yake ya mwili na ya akili, na hali ya ndoa yake ikiwa ameoa au ameolewa. Nawasifu waandaaji kwa kutoruhusu mtu kujificha nyuma ya mistari ya Biblia, kwa sababu mmishenari anayeficha deni au ugomvi nyumbani huenda navyo hadi kule anakotumwa.

Kipindi cha kujifunza lugha nacho kiliendeshwa kwa hekima. Aliletwa mzee wa Kiturkana aliyeagizwa asitamke neno lolote la Kiswahili wala la Kiingereza, akaweka mezani kibuyu, jiwe, kamba na kikombe cha maji, nasi tukatakiwa kusikiliza tu, bila kuandika, mpaka tuweze kuvigusa vitu hivyo kwa kufuata sauti yake. Watu walio na shahada walishindwa na kijana mwendesha bodaboda ambaye hakumaliza shule, na hakuna mhadhara ambao ungetufundisha unyenyekevu haraka kiasi hicho.

Kuhusu nyaraka, maelezo yalikuwa sahihi na ya kutosha. Tulielezwa kwamba cheti cha tabia njema cha polisi huombwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa shilingi 1,050, na kwamba alama za vidole huweza kuchukuliwa katika Huduma Centre, yaani ofisi ya huduma za serikali. Kwamba kadi ya chanjo ya homa ya manjano huanza kutambulika siku 10 baada ya kuchanjwa na, tangu mwaka 2016, hutumika maisha yote. Na kwamba pasipoti iombwe mapema, kabla ya barua ya kukubaliwa kufika.

Pengo linaanza kuonekana kwenye historia. Tulifundishwa habari za mmishenari Mjerumani Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844 na kumzika mke wake na mtoto wao mwaka huo huo, habari za Marafiki (dhehebu la Quakers) walioanzisha misheni ya Kaimosi mwaka 1902, na za Waanglikana waliofungua Maseno mwaka 1906. Yote ni kweli na yana faida. Hata hivyo, hakuna aliyemtaja Peter Nyambo, Mwafrika kutoka Nyasaland, yaani Malawi ya leo, aliyefika pamoja na mmishenari Mkanada Arthur Carscallen mwaka huo wa 1906 kuanzisha kazi ya Waadventista wa Sabato huko Gendia, karibu na Kendu Bay, ng'ambo tu ya ghuba. Wala hakutajwa Apolo Kivebulaya, aliyetoka Uganda mwaka 1896 kwenda kuhubiri Mboga katika Kongo. Darasa zima la Waafrika wanaojiandaa kutumwa lilimaliza mafunzo ya historia likiwa limeonyeshwa Waafrika kama wapokeaji tu.

Jambo hilo lina uzito kwa sababu ndilo lililoharibu somo la fedha. Mwongozo uliotumika, kana kwamba Waafrika hawana namna yao ya kutuma, ulidhani kwamba mwombaji ana marafiki kadhaa wenye mishahara ambao atawaandikia barua, nao watamwekea fedha benki kila mwezi. Hapa kwetu msaada hupatikana kwa njia nyingine: ahadi hutolewa kwa shangwe siku ya harambee, mia mbili mia mbili huingia kwa M-Pesa miezi ya mwanzo, kisha Januari inafika na karo za shule na simu inanyamaza. Mwombaji wa Kisumu anahitaji kufundishwa namna ya kuwa na kamati ndogo ya kanisa inayokusanya na kukumbusha, na kupanga mapema malipo yake ya bima ya afya ya serikali, SHA, kwa kuwa hana mwajiri wa kumkatia.

Gumu zaidi ni suala la familia. Dada mmoja, kifungua mimba kwao, aliuliza atawaelezaje wazazi waliouza ng'ombe ili asome, huku wadogo zake wakimtegemea kwa karo. Alijibiwa kwa mstari mmoja wa Injili ya Luka, na mjadala ukafungwa. Swali hilo lilistahili jioni nzima, pamoja na mchungaji aliye tayari kwenda kuketi sebuleni kwa wazazi hao, awasikilize kwanza, ndipo azungumze. Waandaaji wamekubali kuongeza kipindi juu ya jambo hili, na natumaini watamwita mzazi aliyewahi kumtuma mtoto wake.

Ada ni ndogo, chai na mandazi hutolewa, na ukumbi ni mkubwa ingawa joto lake ni kali. Anayetaka nafasi katika kundi lijalo aanze kwa kuzungumza na mchungaji wake, kwa maana barua ya kanisa huhitajika siku ya kuandikishwa, na awaeleze wazazi kabla hajajaza fomu yoyote.